Lori Lililozimika Mlima wa Kanzenze

Mwaka 1999, mwezi wa saba, nilisema maneno mawili ambayo nusura yamharibie kijana mmoja maisha yake. Nilisema, "Gari nzima."

Niliyemwambia ni Mukasine, mwenye gari. Mukasine alirudi Rwanda kutoka Uganda akiwa mjane, na kwa bidii yake alinunua lori la Kimarekani lililokwishatumika, la kubeba viazi kutoka Kanzenze na Nyakiriba hadi Kigali. Lori hilo halikuwa kama yale tuliyozoea hapa Gisenyi. Pampu yake ya dizeli haikuamua lolote. Aliyeamua ni boksi la bati, kubwa kama kamusi, lililofungwa ubavuni mwa injini na kuingiwa na waya nyingi. Boksi ndilo lililopima joto, presha na mguu wa dereva, kisha likaamuru mafuta yaingie kiasi gani. Sisi mafundi tuliliita kontroli boksi, na wengi wetu tulipita mbali nalo.

Dereva aliitwa Viateur, kijana wa miaka thelathini, mtoto wa mvuvi wa hapa hapa ziwani. Katika wiki mbili lori lilimzimikia mara tatu, kila mara likiwa na mzigo, kila mara kwenye mlima ule ule wa Kanzenze. Alikaa nusu saa, akapiga stata, likawaka. Siku hizo watu wenye bunduki walikuwa wametoweka kwenye misitu yetu juzi tu, na lori kusimama mahali pasipo na kituo halikuwa jambo la mzaha. Tena mtu alimnong'oneza Mukasine kwamba kwenye kona ya mlima ule kuna wanunuzi wa dizeli wanaokuja na vidumu.

Mukasine aliniletea lori siku ya Alhamisi. Nililiendesha asubuhi na mapema, tupu, nikafuata barabara ya ziwani na kurudi. Nilisikiliza injini, nikatazama moshi, nikashika mabomba. Nilikuwa na miaka arobaini katika kazi hii. Nilijifunzia Mwanza nikiwa mkimbizi, mchana gereji na jioni shule ya watu wazima, mpaka nikasoma Kiingereza cha vitabu vya magari. Sikuwa na sababu ya kujishuku.

"Gari nzima," nikamwambia.

"Basi mbovu ni dereva," akajibu. Akaniachia ufunguo niutunze, akasema lori litalala gerejini kwangu, halitatoka getini, na Jumatatu atampeleka Viateur brigedi, kituo cha askari, kwa wizi wa mafuta.

Viateur alikuja Ijumaa saa mbili. Hakuingia. Alisimama getini akiwa na kofia mkononi.

"Mzee Kimenyi, umesema voiture iko nzima."

"Nimesema."

"Basi mi ni mwizi."

"Hilo sikulisema."

"Umelisema, mzee. Mama Mukasine alikuwa anangojea mudomo yako tu. Kule parking ya malori wameshanipa jina. Wananiita Kidumu." Akatazama chini. "Munezero, mutoto yangu, jana ameuliza mama yake, Kidumu ni nani. Watoto wa jirani wamemwambia."

Nilitaka kumkaripia kwamba fundi hupima gari, hapimi tabia. Lakini nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza Mukasine tangu Alhamisi. "Likizima, taa ya injini inawaka?"

"Inawaka. Kisha inazima yenyewe, kama mutu alilala na kuamuka."

"Na Alhamisi mimi niliendesha baridi, tena tupu."

"Bon," akasema Viateur. "Mi nilikuwa nangoja useme hivyo."

Alikwenda zake. Nilikaa kwenye kiti cha dereva na kitabu cha lori, ambacho kilikuwa kwenye mfuko wa mlango hakijawahi kufunguliwa. Kilikuwa cha Kiingereza. Nilitoa kamusi yangu ya Mwanza, nikavaa miwani. Kitabu kilieleza kwamba ukibonyeza kitufe fulani chini ya dashibodi, taa ya injini hupepesa, na ukihesabu mipepeso unapata namba ya ugonjwa. Nilibonyeza. Namba ya kwanza ilishtaki sensa, kijidude cha kupima presha ya turbo. Ya pili ilishtaki sensa ya joto la oili. Ya tatu ilishtaki sensa ya kanyagio la mafuta.

Fundi wa haraka angenunua sensa tatu. Mimi nilizipima kwa mita, moja moja, na zote zilikuwa nzima. Kwa nini basi boksi lilishtaki watu watatu wasio na hatia? Nilifuata waya zao kwenye mchoro wa kitabu kwa ncha ya penseli, na nikaona kwamba zote tatu hunywa umeme kutoka waya mmoja, volti tano, na waya huo hutoka ndani ya boksi lenyewe. Kama volti tano zikishuka, sensa zote zitasema uongo pamoja, na boksi litazilaumu wakati mgonjwa ni lenyewe. Nilipima waya ule. Volti tano kamili. Ila injini ilikuwa baridi.

Niligeuza kurasa nikitafuta zaidi juu ya joto, na ndipo nikakutana na ukurasa ambao sikuutafuta. Ulikuwa na mstari mweusi pembeni. Ulisema kwamba kabla ya kuchomelea mahali popote kwenye gari hili, lazima utoe waya za betri, uchomoe na plagi za boksi, na uweke klipu ya ethi, ile ya kurudisha umeme, karibu na mahali unapochomelea. Vinginevyo umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kupita ndani ya boksi na kuliharibu, na huenda uharibifu usionekane siku hiyo.

Niliusoma mara mbili kwa Kiingereza na mara moja kwa kamusi.

Mwezi wa tano nilichomelea hanga, chuma kinachoshika springi ya nyuma ya lori hilo. Nilifanya kama nilivyofanya miaka arobaini: klipu nikaibana kwenye bampa la mbele kwa sababu waya ulifika vizuri, betri nikaziacha. Malori ya zamani hayakujali. Lori la Mukasine lilianza kuzimika wiki sita baadaye.

Nilifunga kitabu.

Jumamosi nilihitaji kuonyesha ugonjwa bila kutoka getini, maana mwenye gari alikuwa amekataza. Joto la mlima ningelipata wapi? Jirani yangu Kabatesi alikuwa mshonaji. Nilimwomba pasi yake ya mkaa.

"Mzee unataka kunyoosha nini gerejini?" akauliza.

"Lori."

"Usiunguze kola," akasema, akanijazia makaa mapya.

Nilifungua bolti za boksi bila kuchomoa waya, nikalilaza juu ya ubao, nikalifunika kitambaa kilichokunjwa mara nne. Nikawasha injini. Mita niliifunga kwenye waya wa volti tano. Nikamtuma mtu amwite Mukasine, na Viateur alikuwa tayari yupo, safari hii ndani ya geti. Mukasine alipofika niliweka pasi juu ya kitambaa.

"Mzee anapiga pasi," Mukasine akasema, lakini alitazama mita kama nilivyomwonyesha.

Dakika ya kumi: tano. Dakika ya kumi na tano: nne na nusu. Taa ya injini ikawaka. Dakika ya kumi na nane mita ilidondoka hadi mbili, injini ikakohoa mara moja na kufa. Nilichomoa sensa zote tatu, volti hazikupanda. Hivyo ubovu haukuwa nje. Niliondoa pasi, nikaweka kitambaa kilicholowa maji, tukangoja. Baada ya nusu saa mita ilisoma tano. Nilipiga stata na lori likawaka kana kwamba halijawahi kuugua.

Viateur alikaa kwenye tairi akajifuta uso kwa kofia.

"Basi hakuiba," Mukasine akasema polepole. Alikuwa mwanamke mkali lakini wa haki. Kisha akakunja uso. "Ila nilinunua lori hili zima. Boksi limekufa na nini?"

Nilishughulika na makaa ya pasi.

Alijijibu mwenyewe. "Ni ile kuosha. Kila Jumapili analirudisha nyuma mpaka ziwani, maji yanafika kwenye ekseli, wanamwagia injini ndoo kwa ndoo. Nimewaona kwa macho yangu."

"Nafunika na nailoni, mama," Viateur akasema.

"Nailoni," akarudia Mukasine. "Olraiti. Wewe si mwizi. Brigedi hatuendi. Lakini umeharibu chombo changu, na siwezi kukupa tena. Nitamtafuta Egide aendeshe."

Viateur alinigeukia. "Mzee, maji inaweza kuua ile kitu?"

Plagi za boksi nilikuwa nimezichomoa asubuhi ile, kabla ya pasi, na kuzitazama kwa tochi. Zilikuwa kavu, hazina kutu hata ya ncha ya sindano. Maji hayakuwahi kufika mule.

"Maji yanaweza," nikasema.

Halikuwa neno la uongo. Mtu akimwaga maji ya kutosha kwenye boksi lolote, litakufa. Lakini yeye hakuuliza juu ya boksi lolote, aliuliza juu ya lake, na nilijua. Aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akatoka. Dereva aliyefukuzwa kwa kuharibu lori hapa mjini hapewi lingine, na jina la Kidumu lingebaki palepale, kwa sababu watu wa parking wangeuliza: kama hakuiba, mbona amefukuzwa?

Jumapili nilivuka mpaka wa Kongo pale Petite Barrière kwenda Goma kutafuta boksi. Nilikwenda kwa Muhamadi, muuza spea, ambaye Jumapili hakufunga. Nyuma ya duka lake kulikuwa na lori kama letu lililopinduka na kukatwa vipande. Alinipa kiti, nikamweleza ninachotafuta.

"Unatafuta calculateur, papa," alisema. Ndivyo walivyoliita kule. "Iko moja tu. Lakini leta namba. Bila namba sikuuzie, utarudi hapa kunitukana."

Alisema kweli. Boksi hubeba ndani yake hesabu za injini yake. Ukifunga la injini nyingine gari litawaka, lakini halitapanda mlima, au litachoma pistoni. Nilitoa karatasi niliyonakili. Tulilinganisha namba kwenye kibandiko, tarakimu kwa tarakimu, yeye akisoma na mimi nikiitikia. Zililingana zote. Alilifunga kwenye betri na mita mbele yangu. Volti tano.

"Ya kwenu ilikufa na nini?" akauliza.

"Joto," nikasema.

"Joto haiue. Joto inaonyesha tu wapi kumepasuka." Alikuwa akilifunga kwenye gunia. "Hizi zinakufa na soudure, ile kuchomelea, papa. Kuna mafundi wazee, wanasude chesisi na betri iko ndani. Wako na mikono mizuri, sikatai. Lakini hawasomi."

Nilimwambia kwamba mimi ninasoma.

"Wewe najua," akasema kwa heshima. "Ndiyo maana umekuja na namba."

Ile heshima ilinikaa vibaya kuliko tusi. Nilirudi kwa miguu katikati ya akina mama waliobeba nyanya na makaa. Pale mpakani askari mmoja, Jack, aliyekulia Uganda, alifungua gunia na kuruka nyuma hatua moja alipoona plagi.

"Mzee, hii inalipuka?"

"Ikilipuka nitakufa mimi kwanza. Ni ya lori."

"Inafanya nini?"

"Inafikiri."

"Bora wewe," akasema mwanamke mmoja wa nyanya nyuma yangu. "Sisi tunabeba za kula, na hatupiti haraka hivyo." Watu wakacheka na askari akanifungia gunia.

Jumatatu asubuhi nilitoa waya za betri kwanza, nikangoja, kisha nikafunga boksi jipya. Nilisafisha plagi kwa brashi laini, nikakaza bolti kwa mkono na si kwa nguvu. Lori liliwaka mara moja. Mukasine alikubali sasa litoke. Tulipakia viazi, nikashika usukani mwenyewe, yeye akakaa pembeni. Tulipanda mlima wa Kanzenze kwa gia nzito, saa nne ya jua, nami nilikuwa nimefunga mita kwenye dashibodi. Ilisoma tano chini, ikasoma tano kwenye kona, ikasoma tano juu. Tuligeuza.

Gerejini tulimkuta Egide amefika na begi lake, anangoja ufunguo. Viateur naye alikuwapo. Alikuja kuchukua koti na sufuria yake kutoka nyuma ya kiti cha lori. Mukasine aliponyoosha mkono kumpa Egide ufunguo, nilifunga mdomo wangu wa heshima nikafungua ule mwingine.

"Boksi hakuliharibu Viateur. Nililiharibu mimi, mwezi wa tano, nilipochomelea hanga. Sikutoa betri. Maji hayakuingia, plagi zilikuwa kavu."

Egide akashusha begi. Mukasine akarudisha mkono wenye ufunguo.

"Umejua lini?"

"Ijumaa."

"Na Jumamosi ulisema maji."

"Nilisema maji yanaweza."

"Mzee Kimenyi," akasema, na sauti yake ilishuka, "mimi si mwalimu wako wa shule ya jioni. Usinijibu kwa werevu."

"Nilidanganya," nikasema.

Nilimwambia boksi jipya ni juu yangu. Alisema hilo alikuwa analijua bila kuambiwa. Kisha akamgeukia Viateur na kumnyooshea ufunguo, na akamwambia, mbele ya Egide, "Nisamehe. Nimekuita majina mawili na yote si yako."

Viateur hakuupokea.

"Mama, nimekusamehe. Lakini hapa tuko watu ine. Kule parking wako arobaini." Akanitazama. Hakuwa na hasira usoni, ila macho yake hayakunipisha. "Mzee, twende ukaseme."

Nilijaribu kumweleza kwamba habari hutembea, kwamba Egide atawaambia, kwamba lori likipita na yeye ndani wataelewa wenyewe.

"Ile ya Kidumu haikutembea yenyewe," akasema. "Mutu aliibeba. Na hii ibebwe."

Niliomba dakika ya kunawa mikono. Nilinawa kwa sabuni mpaka kucha, nikavaa shati langu la kanisani lililokuwa limening'inia ofisini. Sijui kwa nini. Labda nilitaka angalau waone ni nani anayesema.

Parking ilikuwa karibu na soko; tulikwenda na lori, mimi usukani, Mukasine na Viateur pembeni, na tuliposhuka Mukasine akashika ufunguo. Madereva walikuwa wanakunywa chai na chapati kwenye mabenchi, wengine wamekaa kwenye ngazi za malori. Wengi wao nimewatengenezea. Waliponiona walisimama kunipisha kiti na kuniita mzee, na hilo lilizidisha ugumu wa shughuli yangu. Mmoja alimwona Viateur nyuma yangu akasema, "Kidumu, umeleta na shahidi?"

"Sikilizeni mzee," Viateur akasema.

Nilisema. Nilisema kwamba lori la Mukasine lilikuwa linazimika kwa ubovu wa boksi, kwamba ubovu ule niliutia mimi kwa kuchomelea bila kutoa betri, na kwamba dereva hakuuza hata kijiko cha dizeli.

"Sauti, mzee," Viateur akasema. "Wale wa nyuma hawasikii."

Nikarudia kwa sauti. Kisha dereva mmoja mnene, ambaye niliwahi kumchomelea hanga kama ile ile, akauliza akiwa na chapati mkononi, "Na yangu je, mzee?"

"Yako ina pampu ya zamani. Haina boksi la kuua."

"Kwa mara ya kwanza nimefurahi kuwa na mkweche," akasema, na hapo wakacheka. Walinicheka mimi, na nikawaacha wanicheke. Mwenye chai alimimina kikombe akampa Viateur bila kuagizwa, akamwita kwa jina lake.

Viateur alikunywa chai ile yote, amesimama. Kisha akatoa mkono, Mukasine akampa ufunguo.

"Nikupeleke gereji, mzee?" akauliza. Kabla sijajibu akafikiri tena. "Hapana. Gereji utafika na miguu. Mi niko na viazi."

Akapanda, akawasha, akaondoka.

Nilitembea. Shati la kanisani lilikuwa limeloa mgongoni. Mwaka ule nilikuwa nimechomelea vivyo hivyo malori mengine mawili ya Kimarekani, moja la mfanyabiashara wa Ruhengeri na jingine la mtu wa Kibuye, na yote mawili yalikuwa bado barabarani. Nilipita gerejini bila kuingia, nikaenda moja kwa moja posta kuwapigia simu wenye nayo.